Majina Mia Nne na Kumi na Mawili

Risala ya Kikundi cha Vijana cha Kompyuta, Kizwite, kwa mgeni rasmi. Ukumbi wa Parokia, Sumbawanga, Jumamosi tarehe 26 Januari 2013. Msomaji: Minza Kashinje, Katibu.

Mgeni rasmi, Mama Cornelia Sikazwe, Mwenyekiti wa Umoja wa Wakulima wa Mahindi na Ulezi Ufipa, Baba Paroko, mwenye ukumbi, Mheshimiwa Diwani, makatibu wa vijiji mliofika kutoka Mwimbi, Mwazye na Milepa, wazazi wetu, shikamooni, na nyie wenzetu, habari za mchana.

Mgeni rasmi, kabla sijaenda mbali tuna ombi dogo. Ile nakala ya risala uliyokabidhiwa pale mlangoni, yenye jalada la plastiki na picha yetu tukiwa tumevaa fulana za bluu, tunaomba uiweke pembeni. Siyo hii ninayoisoma. Ile tuliiandika Desemba, tukaichapa vizuri, ina kila kitu isipokuwa ukweli. Hii tumeiandika jana kwa mkono na tumeisaini wote saba. Ndugu mshereheshaji, najua umenipa dakika kumi. Nitazidisha kidogo, tafadhali usinizimie maiki.

UKARIBISHO

Tunakukaribisha, Mama. Tunajua umetoka Mwimbi asubuhi na njia yenyewe kwa mvua hizi kila mtu anaijua. Umekuja kwa moyo mweupe, kutukabidhi kompyuta tatu, kutupa hati ya pongezi, na kutia saini ili chombo chetu kianze kulinda mifumo yote ya Umoja. Kwaya imekuimbia na watoto wamekuvalisha shada la maua. Yote hayo yametoka moyoni.

Ila tangu gari lako lilipoingia getini, sisi tuliopanga mstari kukupokea hatukuweza kukutazama usoni. Ulipofika kwa mwenyekiti wetu, Gaudensi, ulimpa mkono ukamuuliza, "Mbona mikono ya baridi hivi, baba, unaumwa?" Akasema malaria. Hana malaria, Mama. Hakuna anayeumwa hapa, ni aibu tu.

HISTORIA FUPI YA KIKUNDI

Kikundi chetu kilianza mwaka 2009 tukiwa vijana watatu na kompyuta moja iliyokuwa ikipiga kelele kama mashine ya kusaga. Leo tuko saba, Wafipa wanne na Wasukuma watatu ambao wazazi wetu walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao. Chumba tunachofanyia kazi tulikipata kwa mtu mmoja, naye ni Kaka Isdori, karani wa orodha ya wakulima katika ofisi ya Umoja. Kilikuwa stoo ya magunia. Alituombea kwa wakubwa wake, akatupa ufunguo, akaleta feni yake ya nyumbani, akatuambia, "Wadogo zangu, someni, mimi umri umenitupa." Namtaja mapema ili kila mtu humu ndani ajue tunamzungumzia nani.

Tulianza kwa kuchapa barua za watu na kadi za harusi. Baadaye Loth, mwenzetu ambaye kichwa chake kinachemka muda wote, alileta wazo. Alisema siku hizi biashara ya mazao imeachwa huru, kila wakala, kila chama, kila mnunuzi ana tovuti yake, na tovuti nyingi zimejengwa harakaharaka na zina mianya. Mwizi anaweza kuingia akachukua au akaharibu. Basi sisi tutengeneze chombo cha kuzikagua, kinachojiendesha chenyewe.

Kwa wazee wetu ambao mambo haya ni mageni, chombo hiki siyo mashine ya kushika mkononi. Ni programu ndani ya kompyuta. Unakipa anwani ya tovuti, chenyewe kinaanza kuizunguka, kinagonga kila mlango, kinabonyeza kila kitufe, kinajaribu kila kitasa. Kikimaliza kinakuandikia ripoti: hapa pako salama, hapa pana tundu, pazibwe. Tulikiita Sungusungu, kama wale walinzi wa jadi wa vijijini. Mzee mmoja wa Milepa aliposikia jina hilo akauliza mbona hana upinde wala filimbi, tukacheka sana siku hiyo. Tulikuwa watu wa kucheka bado.

MAFANIKIO

Mama, katika ile risala ya jalada, sehemu hii ina kurasa mbili. Humu nitaisoma kwa ufupi.

Ni kweli Sungusungu amekagua tovuti ya shule moja, ya gereji moja na ya kwaya hii iliyotuimbia, zote kwa ruhusa ya wenyewe, na alipata mianya tukaiziba. Ni kweli anatoa ripoti kwa Kiswahili, kitu ambacho hatujakiona kwa vyombo vya wageni. Hilo tulijivunia mno. Tulichapisha hadi bango, lile la pale ukutani nyuma yako: SUNGUSUNGU, MKAGUZI ANAYEJUA KISWAHILI. Tulitaka kulishusha asubuhi, ila ngazi ilikuwa kwa fundi umeme. Tunaomba usigeuke kulisoma.

CHANGAMOTO

Hapa ndipo kwenye ile nakala tuliandika ukosefu wa vitendea kazi, umeme wa kukatikakatika na uhaba wa mtandao. Hayo yapo, lakini siyo yaliyotutoa usingizi.

Mgeni rasmi, mwezi Novemba majina ya wakulima mia nne na kumi na wawili, wa Milepa, Mwimbi na Mwazye, yalitoweka kwenye mfumo wa Umoja. Unalijua hili kuliko sisi, wewe ndiye uliyezunguka vijijini kuwatuliza watu. Mbolea ya ruzuku ilikuwa imeshafika kwa mawakala, na wakala hampi mtu mfuko kama jina lake halipo. Mvua ikaanza, watu wakapanda hivyohivyo. Makatibu wa vijiji wakaanza kuandika majina upya, nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Orodha ilipokamilika mahindi yalishatoka ardhini, na leo ukipita Mwazye unaona mwenyewe mashamba yalivyo ya njano.

Umoja ulitafuta aliyefanya. Aliyekuwa na funguo za mfumo ni karani mmoja tu. Ikasemwa kwamba kafuta makusudi ili mifuko ibaki kwa mawakala wagawane. Akasimamishwa kazi tarehe 14 Desemba, na kikao cha kumfukuza kimepangwa keshokutwa Jumatatu.

Mama, siyo Isdori. Ni sisi.

Naomba watu wakae, tafadhali. Naomba nimalize. Mheshimiwa Diwani, nakuomba, nimalize kwanza halafu mtufanye mnavyotaka.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 10 Novemba, saa nane mchana. Tulikuwa tumesikia kwamba Umoja unatafuta watu wa kulinda mifumo yake, tukasema twende na ushahidi mkononi. Tuukague mfumo wao kimyakimya, tupate mianya, tuwashangaze. Hatukuomba ruhusa. Kwa gereji tuliomba, kwa kwaya tuliomba, kwa chama cha wakulima wote wa Ufipa hatukuomba, kwa sababu tulitaka kuonekana mabingwa. Mmoja wetu, naomba nisimtaje maana ni mimi, alisema, "Tukiomba watatuzungusha na barua miezi mitatu. Washa tu."

Loth akawasha. Sungusungu akazunguka kidogo, akapata ukurasa wa karani, ule wa kuongeza na kuondoa wakulima. Ulikuwa hauulizi nywila. Ukiandika anwani yake unaingia, mtu yeyote, kutoka popote. Tulipiga kelele za furaha. Kwenye ukurasa ule, mbele ya kila jina, palikuwa na neno moja la bluu la kubonyeza: Futa.

Sasa nieleze kosa lenyewe, maana tumelilala nalo na kuamka nalo. Chombo kinachobonyeza kila kitu ni lazima kiambiwe visivyobonyezwa. Wenzetu wa nje wana orodha ya maneno ya hatari, na Loth aliichukua orodha hiyo kutoka mtandaoni akaiweka kwetu kama ilivyo. Ilisema ukikuta 'delete' usiguse, ukikuta 'remove' usiguse, ukikuta 'logout' pita mbali. Sote saba tuliipitia tukasema safi kabisa. Hakuna hata mmoja, katika watu saba tuliokua kwa Kifipa, Kisukuma na Kiswahili, aliyekumbuka kuongeza neno futa. Neno ambalo mtoto wa chekechea anaambiwa kila siku, futa ubao! Chombo tulichokitangaza kwa bango kwamba kinajua Kiswahili ndicho kilichokuwa hakijui neno hilo moja.

Akabonyeza Futa ya kwanza. Mfumo haukumuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ya pili. Kwetu kwenye skrini kila alipobonyeza ilitokea alama ya kijani, kumaanisha mlango umefunguka, na kila ilipotokea sisi tulipiga makofi. Jamani, tulipiga makofi. Hellena alishuka kununua soda na maandazi. Tulihesabu kwa sauti, mia, mia mbili, mia tatu, hadi kifurushi cha modemu kilipoisha kwenye mia nne na kumi na mbili. Tukalaumu kampuni ya simu kwa kutukatia raha. Kama kifurushi kingekuwa kikubwa, Ufipa nzima ingefutika siku ile huku tukila maandazi.

Hatukujua. Hilo ni kweli na tunaapa mbele ya Baba Paroko. Hatukujua siku hiyo, wala wiki ile. Lakini Mama, hatukuja kukuambia kwamba hatukujua. Tumekuja kukuambia siku tuliyojua.

Tarehe 17 Desemba, siku tatu baada ya kusimamishwa, Kaka Isdori alikuja chumbani kwetu. Alikuwa amechomekea shati kama mtu anayekwenda kazini. Alikuwa na flash. Alisema kijana wa Dar es Salaam aliyetengeneza mfumo amemtumia faili linaloonyesha nani aliingia na saa ngapi, ila yeye kila akijaribu kulifungua linakataa. Akasema, "Wadogo zangu, mie haya siyaelewi. Nyie ndio wataalamu wangu. Niangalizieni huyo mtu ni nani, maana nyumbani hapakaliki. Evodia kaacha kwenda sokoni, wanamwita mke wa mwizi wa mbolea."

Gaudensi akalifungua faili. Sisi tulikuwa tumesimama nyuma yake. Chombo chetu, kila kinapopita, huacha jina lake, tulikifundisha hivyo sisi wenyewe kwa majivuno. Kwa hiyo faili lile, juu mpaka chini, ukurasa baada ya ukurasa, liliandikwa Sungusungu, Sungusungu, Sungusungu, tarehe 10 Novemba, saa nane na dakika zake.

Kaka Isdori alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, haoni skrini. Akauliza, "Vipi, anaonekana?"

Gaudensi akafunga kompyuta. Akasema, "Faili limeharibika, kaka."

Tulikuwa wanne chumbani. Hakuna aliyemkanusha. Mimi nilikuwepo. Kaka Isdori akatikisa kichwa, akasema, "Basi, Mungu yupo. Asanteni kwa kujaribu." Akaacha flash tuendelee kujaribu, akatuuliza kama feni bado inafanya kazi, akaondoka.

Kuanzia siku hiyo hadi jana ni siku arobaini. Tulijiambia mengi. Tulisema hana hatia, itajulikana tu. Tulisema tukikaa kimya tutapata mkataba, na tukishapata mkataba tutamsaidia kwa mlango wa nyuma. Tukaandika ile risala ya jalada. Tukaenda kwa fundi kushona fulana. Mimi nilikutana na Mama Salome, mkulima wa Mwimbi, pale stendi, ananiambia, "Yaani mwanangu, miaka thelathini nalima, naenda kwa wakala naambiwa sipo." Nikamwambia pole mama. Nikapanda gari nikaenda zangu. Pole! Yaani mimi ndiye niliyemfuta, halafu nampa pole.

Kilichotuvunja ni kadi ya mwaliko. Juzi Alhamisi tulikuwa tunagawa kadi za sherehe hii, na Kaka Isdori alikuja kuchukua yake mwenyewe. Alisema atakuja, hata kama watu wataminya midomo, kwa sababu hawezi kukosa siku ya wadogo zake. Loth alitoka nje. Aliporudi akasema, "Mimi Jumamosi sivai fulana, nitasimama niseme." Ndipo tukakaa chini wote saba, tukalia kwanza, halafu tukaandika hii.

MAOMBI

Mgeni rasmi, kwa kawaida hapa ndipo tunaomba vitu. Kompyuta hizi tatu hatuziombi, tunaomba urudi nazo. Hati ya pongezi usiikabidhi. Mkataba usitie saini. Makofi pia tunaomba yasipigwe, hata kwa heshima.

Tunaomba kwanza mlango ule ufungwe. Ukurasa wa karani ulikuwa haulindwi siku ile, nasi hatujaugusa tena kujaribu, lakini hatujasikia kwamba umerekebishwa. Maelezo ya namna ya kuufunga tumeyaandika kwenye karatasi mbili, kijana wa Dar ataelewa kwa nusu saa. Leo hii mtu mwenye nia mbaya anaweza kufanya kwa makusudi tulichofanya kwa ujinga, na kuanzia sasa Umoja hautaweza kusema haukuonywa.

Pili, flash ya Kaka Isdori iko kwenye bahasha ya kaki mbele yako, na faili halijaharibika hata kidogo. Pamoja nayo kuna maelezo ya kila mmoja wetu na saini yake.

Tatu, ni kwa ajili ya makatibu wa vijiji. Mlitembea kwa miguu kwenye tope kuandika upya majina tuliyoyafuta tumekaa kwenye viti. Hatuna mbolea ya kuwarudishia wakulima wenu, na mahindi yaliyokosa mbolea mwezi wa kumi na mbili hayasubiri ya Februari. Tuna mikono kumi na minne. Msimu huu wa palizi na ule wa mavuno mtupangie mashamba, kuanzia la Mama Salome, tutakuja na majembe yetu na chakula chetu. Haitatosha, tunajua.

Kuhusu Sungusungu mwenyewe, hatumtupi, maana mianya ipo na wezi wapo kweli. Tumemwongezea maneno yetu: futa, ondoa, sitisha, toka. Tumemfundisha kuuliza, kabla hajagonga mlango wa mtu, barua ya ruhusa iko wapi, na bila barua hawaki. Kazi inaendelea, lakini taratibu, na hatoki chumbani mpaka wakubwa wenye macho kuliko sisi wamkague. Kama mtaamua afe, tutamzima wenyewe.

Nne. Mama, Isdori alipotuhumiwa, ilitangazwa kwa kipaza sauti mnadani Mwimbi na kwenye matangazo baada ya misa. Tunaomba asafishwe kwa kipaza sauti kilekile, na siyo na mtu wa ofisi. Tutakwenda sisi kusema, kijiji kwa kijiji, Milepa, Mwimbi na Mwazye, watu watuone sura. Na Dada Evodia tutamfuata nyumbani tukapige magoti. Akitufukuza, tutarudi kesho yake.

Sasa naomba radhi, mgeni rasmi, kwa kukupa mgongo kidogo. Najua risala husomwa kwa mgeni, lakini mtu huyu yuko mstari wa tatu, amekaa karibu na nguzo, na tangu nianze changamoto nimekuwa nakwepa upande wake.

Kaka Isdori. Ulituuliza kama huyo mtu anaonekana. Anaonekana, kaka. Ni sisi. Tulimwona tukiwa nawe mezani, tukakudanganya ukiwa umetupa ufunguo wako na feni yako. Hatukuombi useme kitu leo. Ukitaka kunyanyuka uondoke, ondoka tu, hakuna atakayekulaumu. Ufunguo wa chumba uko ndani ya bahasha ile, ni wako.

Mgeni rasmi, narudi kwako kumalizia. Kikao cha Jumatatu ni saa tatu asubuhi. Tutakuwa mlangoni tangu saa mbili. Ombi letu la mwisho, na ndilo tulilokuja nalo, ni kwamba mlango ukifunguliwa asiitwe yeye.

Mungu akurudishe salama, Mama, na ainyeshee Ufipa mvua ya kutosha, mashamba ya njano yapate kupona yanayoweza kupona. Sisi hatujiombei baraka leo.

Ni sisi tuliofuta majina yenu: Gaudensi, Loth, Hellena, Enock, Meshack, Flavian, na mimi Minza niliyesema "Washa tu."

Kikundi cha Vijana cha Kompyuta, Kizwite.